Upepo Unaofuata Waya

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mjukuu wangu alirudi kanisani, akapitiliza hadi nyuma ya nyumba, kwenye kona ya banda la kuku ambako simu yake hushika vizuri kuliko kwingine. Akainua simu juu, akaishusha, akaizima, akaiwasha tena. Mwisho akaingia jikoni amenuna. "Bibi, upepo umekata."

Neno hilo alilipata kwangu, nami nililipata kwa babu yangu. Babu alikwenda Burma na askari wa Keya wakati wa vita vya Hitler, akawaona Wazungu wanaongea na sanduku lenye mlingoti, halina waya unaotoka kwenda popote. Akaambiwa hiyo ni simu ya upepo. Alirudi Mufindi na jina hilo, na hadi anafariki mwaka 1974 hakulibadilisha. Hata ile redio yetu ya betri, National, iliyokuwa ikitusomea matangazo ya vifo, kwake ilikuwa simu ya upepo. Mimi nikalichukua kwa utani, wajukuu wakalichukua kwangu, na sasa nyumbani kwetu chochote kinachofika bila waya ni upepo: bando, Wi-Fi ya shule, hata rimoti ya televisheni.

Habari ilipotoka, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilieleza kwamba mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikuwa imepata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Kijana akanitazama kama mtu aliyepunjwa sokoni. Sisi wa Mafinga na bahari wapi na wapi? Tena simu yake haina waya. Waya uliokatika chini ya maji huko Msumbiji unamhusu nini mtu anayetumia upepo nyuma ya banda la kuku?

Mimi nimeishi na nyaya na mawimbi tangu mwaka 1979, nilipovishwa vipokea sauti kwenye chumba cha simu Iringa mjini nikiwa binti wa miaka ishirini. Jibu nilikuwa nalo, ila lilikuwa refu kuliko uvumilivu wa kijana asiye na mtandao. Ndiyo maana naliandika.

Linaanzia barabarani. Anayetaka kuelewa mawasiliano ya Nyanda za Juu Kusini aitazame kwanza njia moja tu: inatoka Ruaha Mbuyuni, inakwea Kitonga, inapita Ilula, inagusa Ipogoro chini ya mlima wa Iringa, kisha Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala, Uyole, Mbeya, hadi Tunduma. Kila kikubwa kilichotufikia kilipita humo au pembeni yake kidogo. Bomba la mafuta la TAZAMA lililokwenda Zambia lilianza kazi mwaka 1968. Lami ya barabara hiyohiyo ilikuja miaka michache baadaye. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ilipita kwanza bonde la Kilombero kisha ikapanda na kuungana na njia hiyo Makambako. Nguzo kubwa za umeme wa Kidatu nazo zikafuata: Iringa, Mufindi, Mbeya. Ukisimama kilimani karibu na Makambako unaona lami, reli na nguzo kwa kugeuza shingo tu.

Na kabla ya hivyo vyote, waya wa kwanza wa maana ulitupitia ubavuni. Cecil Rhodes alitaka kufikisha telegrafu kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Cairo. Waya wake ulipanda kupitia Nyasaland na Abercorn, ukaishia Ujiji. Cairo haukufika kamwe, na yeye mwenyewe alikufa mwaka 1902. Nasi huku milimani haukutugusa.

Upepo, kwa upande wake, ulikuja Mbeya na ndege. Mji huo ulizaliwa kwenye miaka ya 1920 kwa ajili ya dhahabu ya Lupa, na mwaka 1932 Imperial Airways ilipoanza kusafirisha barua na abiria kati ya London na Rasi, Mbeya ikawa moja ya vituo vya njiani, kati ya Dodoma na Mpika. Rubani wa ndege za namna ile, anayepita katikati ya milima na mawingu, alihitaji kuambiwa mbele kukoje kabla hajafika. Kwa hiyo mawimbi yalianza kuruka juu ya vichwa vya Wasafwa wa Mbeya zamani sana, ila hayakuwa yao. Yalikuwa ya ndege.

Niwapeleke sasa chumbani kwetu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na Shirika la Posta na Simu Tanzania likarithi nguzo, nyaya na wafanyakazi. Mimi nilikuta bodi ya mbao yenye matundu kama mzinga wa nyuki. Kila tundu ni mteja, na juu yake kuna kijibati. Mteja akikoroga simu yake huko aliko, kijibati kinaanguka kwa mlio mdogo, "tik". Unachomeka kamba, unasema, "Iringa, nikusaidie?" Akitaka mtu wa mjini, unachukua kamba ya pili unamuunganisha. Akitaka mbali, hiyo ni trankol: unaandika kwenye karatasi jina, namba na saa, unaipanga kwenye foleni, unamwambia asubiri.

Makete ilikuwa mtihani. Nilimpigia Njombe, Njombe akamkorogea Makete, Makete akasema, "Dada, subirini, kunanyesha." Mvua ikinyesha huko waya ulijaa mikwaruzo kama mtu anayekanyaga magome ya misindano makavu. Kuna siku nilikuwa mdomo wa watu wawili: mfanyabiashara wa viazi alikuwa anasema kwangu, mimi nampigia kelele Njombe, Njombe anampigia kelele Makete. Bei ya gunia ilipita kwenye vinywa vitatu vya wanawake kabla haijamfikia mwenye viazi, na nina hakika ilipungua njiani. Siku nyingine hakuna sauti kabisa, maana mtu alikuwa amekata waya wa shaba porini akatengenezee bangili au mitego ya digidigi.

Hayo ni ya kulikokuwa na nguzo. Waliokaa mbali na njia ile kubwa, yaani wengi, walikuwa na redio kolu.

Kama hukuishi miaka ile huwezi kujua redio kolu ilikuwa nini. Ilikuwa sanduku la rangi ya kijivu au ya kijani, betri ya gari sakafuni, na waya mrefu uliofungwa kati ya miti miwili nje. Ilikuwepo polisi, kwa mkuu wa wilaya, kwenye mashamba makubwa ya chai, na hasa kwenye hospitali na parokia za misheni. Mawimbi yake mafupi hayakuhitaji mlima wala mnara: yalirushwa juu, yakagonga tabaka la anga, yakarudi chini mamia ya kilomita mbele. Kwa nchi ya mabonde kama yetu hiyo ilikuwa rehema. Shangazi yangu alikuwa mpishi kwenye hospitali moja ya misheni, na nilipokwenda kumtembelea likizo nilikuwa najibanza dirishani saa mbili asubuhi, saa ya kuitana. Kituo kikuu kinaita mmoja mmoja kama mwalimu na rejista. "Nakupata, nakupata, endelea, ova." Dawa zimekwisha. Gari limekwama mtoni. Mama mmoja mtoto ametanguliza miguu, daktari aliye mbali anamwelekeza muuguzi afanye nini, na vituo vyote vingine vimenyamaza kimya, vinasikiliza. Siri haikuwepo. Padri akiagiza divai, wilaya nzima inajua ni chupa ngapi.

Naitaja redio kolu kwa urefu kwa sababu watu wanapohesabu historia ya mtandao vijijini huanzia kwenye kompyuta. Mimi naona intaneti isiyo na waya ilikuwa mtoto wa redio kolu. Misheni zilizokuwa na redio zilikuwa za kwanza pia kutuma barua pepe, tena kupitia redio ileile: unafunga kisanduku kidogo kati ya kompyuta na redio, barua inatoka kwa milio kama ya nyenje, ukurasa mmoja unachukua dakika kadhaa. Picha usijaribu. Lakini barua ya Ulaya iliyokuwa ikichukua wiki tatu ilifika kabla ya chakula cha mchana.

Shirika letu liligawanywa mwaka 1994, posta kivyake na simu kivyake, kampuni ya simu ikaitwa TTCL. Mobitel ilianzisha simu za mkononi Dar es Salaam mwaka huohuo, Vodacom ikaja mwaka 2000, Celtel mwaka uliofuata, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 minara ikaanza kuota Iringa na Mbeya. Bodi yangu ya matundu wakati huo ilikuwa imeshakuwa kumbukumbu. Nilichukua mafao yangu, nikarudi Mafinga, nikafungua duka la kuchapa barua na kutoa fotokopi. Mwaka 2004, kwa ushawishi wa mpwa wangu aliyekuwa fundi wa redio na televisheni, nikaingia kwenye intaneti.

Ilinifikia kutoka mbinguni. Dishi jeupe, pana kama meza ya watu wanne, tulilikaza juu ya zege nyuma ya duka, likaelekezwa kwenye setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ukibofya kitu, ombi linapanda huko, linashuka Ulaya, jibu linapanda tena, linashuka Mafinga. Karibu nusu sekunde inapotea kwa kupanda na kushuka tu, hata mtandao ukiwa mzuri. Na haukuwa mzuri. Kilobiti 128 kwa sekunde ziligawanywa kwa kompyuta nane. Siku matokeo ya kidato cha nne yanapotoka duka lilijaa hadi barabarani, wazazi kutoka Kibengu na Mdabulo wamesimama wima na namba za mtihani kwenye vikaratasi, mimi nafungua ukurasa wa shule mmoja baada ya mwingine na kunakili kwa kalamu, kwa kuwa kuchapa kungechelewesha wengine. Malipo ya mwezi ya dishi yalikuwa mamia ya dola. Nilikuwa nalala nahesabu.

Hospitali ya misheni ya shangazi, kilomita 11 kutoka dukani kwangu kwa mstari ulionyooka, nayo ilitaka intaneti, na haikuwa na fedha za dishi. Mpwa akasema tugawane la kwetu kwa upepo. Alikuwa amechapisha kitabu kimoja kinene cha Kiingereza kilichotoka mwaka 2006, kinatolewa bure, kinachofundisha kujenga mitandao isiyo na waya katika nchi kama zetu. Rimu nzima ya karatasi zangu ilikwenda humo. Ruta ya kawaida ya Wi-Fi hufika mita mia moja tu. Lakini nguvu ileile ikikusanywa kwenye antena inayotazama upande mmoja, kama unavyokusanya mwanga wa tochi, inafika mbali. Ya kwanza alitengeneza kwa kopo la maziwa ya unga: alitoboa tundu ubavuni, akapima kwa rula kutoka kwenye kitako cha kopo, akachomeka kipande cha waya wa shaba chenye urefu wa sentimita tatu na kidogo. Kwa majaribio ya ng'ambo ya mji kopo lilitosha. Kwa kilomita 11 tukanunua sahani mbili za wavu, moja juu ya mlingoti wa bomba dukani, nyingine kwenye mnara wa kanisa hospitalini.

Siku tunaunganisha, mpwa alikuwa juu ya kanisa, mimi juu ya ngazi dukani, kila mmoja na simu ya mkononi sikioni. "Kushoto kidogo, Mama Mdogo. Umepita. Rudi. Hapohapo!" Kwa miaka mingi nilikuwa nimeunganisha watu kwa kamba. Siku hiyo niliunganisha kwa kugeuza sahani upana wa kidole, na katikati hakukuwa na kitu ila miche ya misindano ya shamba la Sao Hill, kimo cha mtoto wa darasa la tatu.

Hapo ndipo tulipokosea, na kosa ni letu wawili. Mwaka wa kwanza mtandao ulitiririka. Mwaka wa pili ukaanza kusumbua asubuhi zenye ukungu na umande mwingi. Mwaka wa tatu ukawa unakatika kila upepo ukivuma, na mvua ikinyesha hakuna kitu. Tulibadilisha ruta, tukabadilisha nyaya, tukailaumu radi, tukamlaumu mlinzi. Mpwa alipanda juu ya kanisa na darubini, akaona sahani yangu waziwazi, hakuna mti uliofika kwenye mstari. Sasa nini?

Jibu lilikuwa ndani ya kile kitabu, ukurasa ambao tulikuwa tumeuruka. Wimbi halisafiri kama kamba iliyovutwa. Lina tumbo katikati, kama boga refu. Kwa kilomita 11 na masafa tuliyotumia, gigahezi 2.4, tumbo hilo lina unene wa karibu mita 18 kwenda kila upande wa mstari katikati ya safari. Misindano ilikuwa haijagusa mstari, ila ilikuwa imeingia tumboni, na majani yenye maji hunywa mawimbi ya masafa yale kama sifongo. Msindano wa Mufindi hupanda mita moja kwa mwaka na zaidi. Tuliongeza mlingoti, miti ikaongeza kimo. Shamba ni la serikali, huwezi kukata hata tawi. Mwaka 2010 tuliteremsha sahani zote mbili. Moja bado ninayo. Kuku wanaatamia humo.

Kuna chuo ambacho wakati huo kilikuwa kinalifikiria jambo hili vizuri kuliko sisi. Chuo Kikuu cha Tumaini Iringa kilianzisha mwaka 2007 shahada ya teknolojia ya habari kwa ushirikiano na Wafini wa Chuo Kikuu cha Joensuu, na wazo lao, akiwemo mwalimu Matti Tedre, lilikuwa kwamba mtaalamu wa Iringa afundishwe kwa mazingira ya Iringa: umeme unaokatika, vumbi, radi, vipuri visivyopatikana. Vijana wao wawili walikuja kuangalia misindano yangu wakacheka, kisha wakaandika.

Na mwaka huohuo tulioshusha sahani, waya ulifika. SEACOM ilitua Dar es Salaam Julai 2009, EASSy mwaka uliofuata, na serikali ikawa inatandaza Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ikijengewa na Wachina wa CITCC. Nadhani msomaji ameshajua ulipita wapi kuja kwetu. Morogoro, Iringa, Makambako, Mbeya, hadi mipakani Tunduma na Kasumulu. Njia ileile ya bomba, lami na reli. Kwa sehemu ulisafiri juu kabisa, ndani ya waya wa nguzo za TANESCO.

Mkongo ndio ulioua duka langu la intaneti, na sikuulilia sana. Gharama za kampuni za simu zilishuka, zikaja modemu za kuchomeka pembeni mwa kompyuta, kisha simu zenyewe zikawa kompyuta. Mwaka 2012 nilirudisha dishi, nikabaki na fotokopi. Wateja wangu walikuwa wameanza kuona matokeo ya watoto wao wakiwa kitandani.

Ila tazameni mnara ulio karibu nanyi. Juu kabisa kuna vibao virefu vyembamba, vinavyotazama pande tatu: hivyo ndivyo vinavyoongea na simu zenu. Chini yake kidogo kuna ngoma nyeupe ya mviringo, moja au mbili. Hiyo haiongei na simu ya mtu. Inatazama mnara mwingine, ambao una ngoma inayotazama mwingine, mlima kwa mlima, hadi mmoja wao unapofika barabarani na kuingia kwenye mkongo. Mdogo wangu wa kiume, aliyesoma chuo cha ufundi Mbeya ambacho siku hizi ni MUST, alifanya kazi ya kupanda minara hiyo Mbeya nzima, na alikuwa akisema kazi yake si kuleta mtandao kijijini. Kazi yake ni kutafuta kilima kinachoiona barabara.

Kwa hiyo utaona kwa nini Umalila huko Mbeya, yenye viazi na pareto tele, ilichelewa huku Uyole iliyo barabarani imejaa mtandao. Umalila ni mikunjo. Mnara mmoja unahudumia mgongo mmoja wa mlima, bonde linalofuata linabaki gizani. Mdogo wangu alinionesha huko mkaratusi uliokuwa na jina: Posta. Kwenye shina lake watu walikuwa wamepigilia kopo. Unaweka simu ndani ya kopo, unaiacha, unarudi baada ya kulima mistari miwili kuona kama ujumbe umeingia. Wakala wa fedha alikuwa na kigoda chake hapohapo chini ya mti.

Ileje nayo ilikuwa na kichekesho chake. Wilaya hiyo, iliyokuwa Mbeya kabla ya kuzaliwa kwa Songwe mwaka 2016, inatazamana na Malawi ng'ambo ya mto, na vijiji vya mpakani simu zilishika mtandao wa Malawi. Mtu amelala kwake, Tanzania, simu inamkaribisha ugenini na kumkata pesa za ugenini. Ukitaka kumpigia jirani wa nyumba ya tatu, sauti inavuka mpaka kwanza. Baadaye kichekesho kikageuka: intaneti ya setilaiti ya Starlink ilianza Malawi na Zambia mwaka 2023, wakati huku kwetu leseni ilikuwa bado inajadiliwa, na vijana wa mpakani walikuwa wanatazama ng'ambo kwa macho ya mtu anayesikia harufu ya nyama kwa jirani.

Soko peke yake haliwezi kupanda mlima wenye kaya mia mbili. Mnara mmoja, ukiweka barabara ya kuufikia, umeme au sola, betri na mlinzi, ni mamia ya mamilioni ya shilingi, na kaya mia mbili hununua bando la mia tano. Ndiyo sababu ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliotungiwa sheria mwaka 2006: kampuni zinachangia sehemu ya mapato yao, mfuko unatoa ruzuku kwa yule atakayejenga pasipo na faida. Halotel ya Wavietnam ilipoanza Oktoba 2015, ilijinadi kwa vijiji, na kweli kuna mabonde ya Kilolo na Chunya ambako laini ya kwanza ya watu ilikuwa hiyo. Tarehe 13 Mei 2023 Dodoma ikasainiwa mikataba ya minara mipya 758 katika kata 713 nchi nzima, na mamia ya minara ya zamani kuongezewa nguvu. Hilo la mwisho ndilo nililolipigia makofi. Minara mingi ya ruzuku ilikuwa ya sauti na ujumbe tu. Ukijaribu kufungua ukurasa, kiduara kinazunguka hadi betri inaisha. Kwenye takwimu kijiji kilikuwa kimefikiwa.

Na siku hizi kukosa mtandao si kukosa burudani. Agosti 8 mwaka 2022, kwenye Nane Nane ya viwanja vya John Mwakangale pale Mbeya, Rais Samia alizindua mbolea ya ruzuku. Bei ya mfuko mmoja ikashuka hadi shilingi 70,000 hapa kwetu ambako mahindi bila mbolea ni majani. Mkulima anaandikishwa kwenye mfumo, anapewa namba, anakwenda nayo kwa wakala, wakala anaihakiki kwa simu. Mpango mzuri. Lakini msimu huo nilimsindikiza dada yangu kwa wakala mmoja, nikakuta watu sitini wamekaa juu ya mbolea yao wenyewe, halali yao, imelipiwa, hawawezi kuichukua. Mtandao haushiki. Wakala alikuwa amepanda juu ya kebini ya gari la mizigo, amenyoosha mkono wenye simu kuelekea magharibi. Nilijua anatafuta nini. Magharibi ndiko ilikokuwa barabara.

Mjukuu, basi, jibu lako ni hili. Upepo wako unaruka kilomita tatu tu, kutoka banda la kuku hadi mnara wa mjini. Baada ya hapo ni waya: Kitonga, Morogoro, Dar es Salaam, chini ya bahari. Ukikatika popote, unakatika kwako. Na asiye na kilima kinachouona waya huo, hata huo upepo wa kilomita tatu hana.

Dada yangu anakaa bondeni, upande wa Kilolo, kijiji ambacho mnara wake umeahidiwa na eneo limeshapimwa. Ukitaka kuongea naye, mpigie baada ya saa kumi na moja jioni. Kabla ya hapo hapatikani. Anakuwa bado hajapanda kwenye jiwe.